Rangi Juu ya Mti Uliochomwa kwa Nuru

Nimekusudia kuzungumza juu ya sanaa ambayo umri wake ni mdogo lakini nasaba yake ni ndefu, nayo ni sanaa ya kutia rangi, kwa brashi ya mkono na kwa brashi ya hewa, katika picha zilizochomwa juu ya mbao kwa mwali wa leza.

Mashine za leza zimekwisha kuingia katika karakana za miji yetu, na kazi zake zaonekana mahali pengi: majina juu ya vibao vya milango, dua za kutundika ukutani, nembo juu ya zawadi za arusi, na sura za wazee wetu zilizohamishwa kutoka picha za zamani hadi juu ya ubao. Madhali kila mwenye mashine aweza kuchoma picha, wengi sasa watamani kuzidisha uzuri wa kazi zao kwa rangi. Na katika hao wengi, wako wanaoiua picha kwa rangi ile ile waliyoitaraji kuihuisha. Hoja yangu ya leo ni moja, na mengine yote nitakayosema ni ufafanuzi wake: rangi katika picha iliyochomwa ina wajibu wa kusema yale ambayo mti na moto havikuweza kuyasema, wala haina ruhusa ya kufunika yale ambayo vimekwisha kuyasema vizuri.

Ili tuelewane juu ya hoja hiyo, yafaa kwanza tujue mwali wenyewe hufanya nini. Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwezi wa Mei mwaka 1960 na Theodore Maiman, huko Malibu katika jimbo la California, Marekani, naye alitumia kijiti cha yakuti nyekundu kuwa chimbuko la nuru. Na miaka minne baadaye Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, alibuni leza itumiayo hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo hata leo hutegemewa sana katika kazi za mbao. Nuru yake haionekani kwa macho, kwa kuwa urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, lakini mti huimeza nuru hiyo kwa wepesi mkubwa, na pale ilipomezwa hupatwa na joto la ghafla, nyuzi zikageuka moshi, kikabaki kishimo chembamba chenye masizi. Mashine ndogo za mezani, ambazo bei yake ni nafuu, aghalabu hutumia nuru ya buluu ya nanomita 450 hivi, nazo zafuata kanuni ile ile kwa mwendo wa polepole. Kichwa cha mashine huenda na kurudi, mstari baada ya mstari, na katika kazi nzuri mistari kumi hutosha ndani ya milimita moja, hata jicho la mtazamaji likashindwa kuitenga na kuona picha nzima badala yake.

Natija ya uchomaji huo ni vitu viwili ambavyo mtia rangi hana budi kuvitenga akilini mwake. Cha kwanza ni kina, yaani ule upungufu wa mbao mahali mwali ulipopita, ambao huizuia rangi isitambae nje ya mpaka wake. Cha pili ni kivuli, yaani ule mfululizo wa rangi ya kahawia, kuanzia wekundu mwepesi wa mti uliobabuka hadi weusi wa makaa, ambao ndio utoao umbo la shavu, la jani au la wimbi. Anayetaka kujaza rangi katika herufi za jina hutumia kina. Anayetaka kuhuisha sura ya mtu hutumia kivuli. Kazi hizo mbili zafanana kwa mbali, lakini zadai rangi tofauti na mkono tofauti, na makosa mengi niyaonayo madukani huzaliwa pale fundi alipochanganya moja na nyingine, akaimwagia sura ya mtu rangi nzito iliyostahili kujaza herufi.

Wala si kila mti ukubalio kazi hii. Mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wameupa sifa ulimwenguni kwa vinyago vyao, ni mweusi moyoni, kwa hiyo alama ya moto hufifia juu yake na rangi nyepesi haionekani kabisa. Mninga una wekundu wake mzuri, lakini wekundu huo huingilia kila rangi iwekwayo juu yake. Msonobari ni mweupe na hupatikana kwa urahisi, walakini pete zake za mwaka hazilingani kwa ugumu: sehemu laini huungua kwa kina na sehemu ngumu hukaidi, hata uso wa mtoto ukatokea na mikunjo ya mzee. Mtiki una mafuta yake ya asili, nayo huifukuza rangi usipoupangusa kwa spiriti kwanza. Mfenesi, ambao Unguja umetumika hata kwa milango ya nakshi, una manjano ya kupendeza ambayo msanii mwenye busara huyaacha yaonekane na kuyahesabu kuwa rangi yake ya kwanza. Mwanafunzi aanzaye leo, nitamnasihi atafute plaiwudi yenye uso mweupe na nyuzi zilizotulia, aisugue kwa msasa laini hata kiganja kisikwame popote, kisha ndipo awashe mashine.

Sasa, swali la kuwa picha ya mistari myeusi yapasa kutiwa rangi au la, si swali la zama zetu peke yake. Mwaka 1528, mwaka ule ule aliofariki mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg, mwanachuoni Erasmus alimsifu kwa maandishi kuwa yale ambayo wengine huyapata kwa rangi, yeye huyapata kwa mistari myeusi peke yake, hata nuru na kivuli, hata vitu kama moto na umeme. Na akaongeza kuwa mtu akizipaka rangi kazi hizo atazidhuru. Hayo aliyasema katika zama ambazo picha zilizochapwa kwa vibao vya mti zilikuwa zikitiwa rangi kwa mkono ili ziuzike sokoni, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na walengwa. Mimi naona Erasmus alisema kweli, na ukweli wake wapaswa kukaa katika kila karakana: picha ambayo mistari yake imekamilika haina haja ya rangi, na fundi asiyeweza kukiri hivyo mbele ya kazi yake mwenyewe hajawa tayari kushika brashi.

Huko Japani, hata hivyo, jambo lilichukua njia nyingine. Wachapaji wa mji wa Edo walianza kwa mistari myeusi, wakaitia rangi kwa mkono, na ilipofika mwaka 1765, katika kazi za Suzuki Harunobu, walipata ufundi wa kuchapa rangi nyingi kwa kuchonga kibao cha peke yake kwa kila rangi, na kuvipanga vibao hivyo kwa alama ili kila rangi iangukie mahali pake bila ya kukosea. Humo mistari haikudhurika, kwa sababu tangu siku ya kwanza mchoraji aliichora akijua kuwa rangi itakuja, akaiachia rangi nafasi yake. Tofauti kati ya sifa ya Erasmus na ufundi wa Edo imo katika azma: rangi iliyokusudiwa tangu mwanzo ni sehemu ya picha, na rangi iliyokuja kwa kujutia picha ni kiraka.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Majahazi ya Lamu yalivaa mbele macho ya mbao, vibao vya duara vilivyochongwa na kutiwa rangi, ili chombo kionekane chenye kutazama njia yake. Na humo patasi ilitangulia na rangi ikafuata mifereji ya patasi. Dar es Salaam nayo ilimpata Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini ya Tanzania, ambaye kwenye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zipakwazo baiskeli, juu ya mbao za unga ulioshindiliwa, na aliyeacha nyuma yake, alipofariki mwaka 1972, mtindo uliokwenda ulimwenguni kwa jina lake. Rangi zake ni nzito na zang'aa, nazo hufunika ubao wote. Na ilifaa iwe hivyo, kwa maana ubao ule haukuwa na uzuri wowote wa kuhifadhiwa. Kijana aliyejifunza kwa mtindo huo, akiichukua rangi ile ile na kuipaka juu ya mfenesi uliochomwa kwa leza, atafunika nyuzi za mti, atafunika kivuli cha moto, na mwisho wake atakuwa amelipia mashine na mti bure, kwani picha hiyo angeiweza juu ya ubao wowote.

Tuingie sasa katika matendo. Ubao utokapo katika mashine huwa umevaa masizi na utando wa moshi, na huyo ndiye adui wa kwanza wa rangi. Masizi yakichanganyika na manjano hutoa kijani kilichochakaa, na yakichanganyika na nyeupe hutoa kijivu. Basi ubao husuguliwa kwa brashi laini iliyo kavu, kufuata mwelekeo wa nyuzi, kisha hupanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, na kuachwa ukauke. Wako wanaobandika utepe wa karatasi juu ya ubao wote kabla ya kuchoma, ili moshi uishie juu ya utepe. Na njia hii ina baraka ya pili, kwani utepe uliotobolewa na mwali wakati wa kuchoma huwa kiolezo kamili: rangi hupakwa katika mashimo ya herufi, utepe ukabanduliwa, na kingo zikabaki safi. Lakini hadhari na tando za plastiki zenye klorini, ambazo wengine huzibandika badala ya karatasi, kwani zikiunguzwa hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu ya fundi na kuitia kutu mashine yake.

Baada ya usafi hufuata kinga. Mti mtupu hunywa rangi na kuipitisha katika mishipa yake, hata buluu iliyowekwa kwenye bawa ikaonekana imefika kwenye wingu. Kwa hiyo hupulizwa kwanza vanishi nyembamba isiyo na rangi, mara moja au mbili, kwa umbali na kwa wepesi, ambayo hufunga vinyweleo vya mti na kuyagandisha masizi yaliyosalia yasihame. Hapa pana mafundi wengi wasio na subira. Kinga hiyo hupakwa kwa kupulizwa, wala haipakwi kwa brashi, maana brashi ikipita juu ya makaa mabichi huyaburuta hadi kwenye sehemu nyeupe, na doa hilo halitoki tena ila kwa msasa, na msasa huondoa doa pamoja na picha.

Kisha huja brashi ya hewa yenyewe. Chombo hiki nacho si kigeni kwa kazi ya namna hii: mwaka 1876 Francis Edgar Stanley wa Massachusetts alipata hataza ya chombo cha kupulizia rangi, na mwaka 1879 Abner Peeler wa Iowa akaunda chake, na miongoni mwa kazi za mwanzo za brashi ya hewa ilikuwa ni kurekebisha na kutia rangi picha za sura za watu zilizopigwa kwa kamera, ambazo wakati ule zilikuwa za rangi moja. Yaani tangu kuzaliwa kwake brashi ya hewa ilitumwa kufanya lile lile tulitakalo leo, kuweka rangi juu ya kivuli kilichokwisha kuwepo, bila ya kukigusa. Hakuna unywele unaoburuta masizi, wala hakuna alama ya mkono. Kuna ukungu wa rangi ushukao juu ya ubao, mwembamba hata jicho likaendelea kuona moto uliopo chini yake.

Rangi ifaayo ni ya akriliki iliyo angavu, iliyoongezwa maji au kiyeyushi chake hata ikawa na uzito wa maziwa, ikachujwa isizibe tundu la chombo, ambalo upana wake aghalabu ni kati ya milimita 0.2 na 0.5. Upepo wa kompresa huwekwa kati ya pauni 15 na 25 kwa inchi ya mraba. Ukizidi, rangi hukauka hewani na kufika ubaoni ikiwa vumbi, na ukipungua, hutoka kwa matone. Kidole hubonyeza hewa kwanza, kisha huvuta rangi, na mwishoni hufunga rangi kabla ya kufunga hewa. Asiyeshika utaratibu huo huacha tone mwanzoni na mwishoni mwa kila mpigo. Rangi nyepesi hutangulia na rangi nzito hufuata, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huachwa likauke. Na kwa kuwa mchoro uliochoma picha bado umo katika kompyuta, mashine ile ile yaweza kukata violezo vya karatasi nene vinavyolingana na picha bila ya tofauti ya unywele, kimoja kwa kila rangi, ikawa tumeupata ule ufundi wa Edo kwa njia nyingine.

Nitatoa mfano mmoja ili maneno yapate mwili. Tuchukue picha ya ndege hudihudi juu ya ubao mweupe unaoelekea manjano kidogo. Hudihudi wa Afrika mwili wake ni wa rangi ya mdalasini, kishungi chake kina ncha nyeusi, mabawa yake ni meusi yenye mikanda myeupe, na mdomo wake ni mrefu, mwembamba, uliopinda. Tazama basi ni mangapi yamekwisha kufanyika kabla ya rangi: weusi wa mabawa, wa ncha za kishungi, wa mdomo na wa jicho ni kazi ya moto, nao hauhitaji msaada, na mdalasini wa kifua uko karibu mno na rangi ya mti uliobabuka. Kinachokosekana ni kidogo. Chahitajika ukungu wa rangi ya machungwa iliyotiwa kahawia, upulizwe shingoni na kifuani kwa tabaka mbili nyembamba, na la tatu juu ya mabega tu, ambako manyoya yameungua zaidi, ili mwili upate mviringo. Kwenye kishungi kiolezo huinuliwa kidogo juu ya ubao, kiasi cha unene wa sarafu, ili ukungu upenye chini ya ukingo wake na mpaka ulainike, kwani unyoya hauna ukingo wa kisu. Ndipo hushikwa brashi ndogo ya mkono, yenye ncha kali, na nyeupe nzito isiyo angavu, ikapita katika mikanda ya bawa moja baada ya moja, na nukta moja ndogo kabisa ikawekwa kwenye jicho. Nyuma ya ndege pabaki ubao mtupu. Ukiweka anga la buluu hapo, utakuwa umeongeza kazi na kupunguza ndege.

Lakini mfano wa mdiria, yule ndege mdogo wa mitoni mwenye mgongo wa buluu, wadai jambo jingine. Manjano ya mti, yakikutana na buluu angavu, hutoa kijani. Kwa hiyo mgongoni hapana budi kupulizwa nyeupe kwanza, nyembamba, mahali pale pa buluu tu, na buluu ikafuata juu yake. Hapo rangi imeruhusiwa kuufunika mti kidogo, kwa sababu mti haukuwa na neno la kusema juu ya buluu. Kanuni ni ile ile, ila hukumu yake imebadilika kwa kuwa ndege amebadilika, na ndiyo maana sanaa hii haikamiliki kwa mashine pekee. Mashine itachoma ndege mia walio sawasawa. Atakayeamua kuwa huyu ahitaji machungwa kidogo, na yule ahitaji nyeupe chini ya buluu, na wa tatu asiguswe, ni mtu mwenye jicho lililofunzwa.

Kazi ikikauka hufungwa kwa vanishi ya mwisho, nyembamba mara nyingi badala ya nene mara moja. Isiyong'aa huhifadhi heshima ya mti na ya makaa. Ing'aayo sana huzigeuza picha kuwa vioo. Vanishi za mafuta hugeuka manjano kadiri miaka ipitavyo, kwa hiyo penye nyeupe na buluu ni heri kuchagua ya maji. Na ubao usitundikwe mkabala wa jua la mchana, maana rangi nyingi hufifia kwa jua, na rangi ya kuyeyuka aghalabu hufifia mapema zaidi kuliko rangi ya chembe zisizoyeyuka.

Fauka ya hayo, afya ya fundi ni mtaji wake. Mwali wa leza hupofusha. Mashine ya nuru ya buluu isiyo na kifuniko haitazamwi bila miwani iliyotengenezwa kwa nuru hiyo, na miwani ya jua haitoshi. Moshi wa mbao, na hasa wa gundi iliyo ndani ya plaiwudi, hutolewa nje kwa feni. Mashine iwakapo haiachwi peke yake hata kwa dakika ya kujibu simu, kwani kazi yake ni kuunguza na moto haungoji mwenyewe. Na apulizaye rangi avae barakoa ya kichujio, ijapokuwa rangi ni ya maji, kwa sababu ukungu uingiao kifuani haujui njia ya kutoka.

Vijana wenye mashine hizi, neno langu la mwisho ni kwenu. Chukueni kipande cha kila mti mnaoutumia, kichomeni kwa nguvu na kasi mbalimbali, kitieni rangi zenu zote juu ya kila kivuli, andikeni pembeni mlichofanya, na kitundikeni karakanani. Kipande hicho kitawafunza mengi kuliko mimi. Choreni picha zenu wenyewe, au ombeni idhini ya mwenye picha. Na kila kazi mpya itokapo katika mashine, isafisheni, iwekeni mahali penye nuru, muitazame hadi kesho yake kabla ya kufungua chupa ya rangi, mkiandika katika karatasi yale inayoyakosa. Orodha ikiwa ndefu, kasoro imo katika mchoro, na rangi haitaitibu. Rudini mkaichome upya. Ikiwa fupi, tieni yale yaliyoandikwa na msizidishe. Na ikiwa karatasi imebaki tupu, pakeni vanishi, tieni sahihi yenu, na muiuze kama ilivyo kwa bei ya kazi iliyotimia.